Funguo za Watu Kiunoni Mwangu

Naitwa Hezekia Shemdoe, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo, kando ya barabara ya Lushoto kwenda Lukozi. Nasema fundi wa mitambo kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa kwenye kitambulisho changu. Mke wangu husema mimi ni mtu wa kupaka grisi. Kwa muda mrefu niliona amenionea, lakini siku hizi simbishii.

Mitambo yenyewe haizidi mitano. Mkubwa kuliko yote ni pipa la kuchanganyia, la chuma, refu kuliko mtu, limekaa juu ya nguzo nne. Ndani yake mna mapanga ya chuma yanayozunguka, yakivuruga pumba, mashudu, dagaa na molasi hadi vyote viwe kitu kimoja. Molasi hugandia kwenye kuta za pipa na kukauka, kwa hiyo kila Ijumaa lazima mtu aingie kwa tundu la juu na kikwangulio, akwangue. Nasema mtu mzima, mwenye mke na majina mawili, anaingia ndani ya mashine ambayo siku nyingine zote kazi yake ni kuvuruga chochote kinachoingia. Kwa miaka ishirini tulilinda uhai wa huyo mtu kwa njia moja tu: mimi nilisimama karibu na swichi kubwa, iliyofungwa kwenye nguzo mojawapo ya pipa, na kusema, "Mtu asiguse." Mara nyingine nilikwenda kunywa chai nikayaacha maneno hayo yalinde yenyewe.

Mwaka juzi akaja dada mmoja kutoka Tanga, Saumu, afisa usalama. Alikaa kwetu siku mbili na sanduku la makufuli mekundu. Kila aliyefanya kazi kwenye mitambo alipewa kufuli lake, lenye ufunguo mmoja, na kadi yenye picha yake iliyoandikwa USIWASHE, NIKO KAZINI. Kwenye mkono wa swichi kubwa kikawekwa kibano chenye matundu sita. Unazima, unafunga kibano, kila anayeshika kazi anatia kufuli lake katika tundu lake, kisha mnajaribu kuwasha ili muone kweli haiwaki. Akimaliza kila mtu anatoa la kwake. Likibaki hata moja, swichi haipandi.

"Ufunguo wako humpi mtu yeyote," alisema Saumu. "Si bosi, si rafiki, si mzee wako. Kufuli lako ni wewe mwenyewe umesimama pale."

Niliitikia kwa kichwa kwa heshima, nikatia sahihi kwamba nimeelewa. Nilipewa hata cheti. Nimekitundika sebuleni, pembeni ya kalenda ya usharika, na wageni wakiuliza huwaambia ni mambo ya kitaalamu kidogo.

Ukweli ni kwamba nilichukia. Kwetu kufuli lina maana yake. Ukitia kufuli mbele ya macho ya mtu, umemwambia humwamini. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa ile swichi, na sasa kila kijana aliyekuja juzi ananifungia mimi, kwa kufuli jekundu, lenye picha yake inayocheka. Nilikwenda nyumbani siku ile nikamwambia mke wangu kwamba nimestaafishwa na kipande cha bati. Aliniuliza kama mshahara umeguswa. Nikasema hapana. Akasema basi nile.

Nafuu ilinijia wiki ya pili, na ilikuja kwa njia ya mpakiaji wetu Nathanaeli. Alipoteza ufunguo wake kwenye lundo la pumba, na kiwanda kizima kikasimama nusu siku tukipepeta pumba kama wanawake wa mavuno. Baada ya hapo nikasema, kwa sauti ya upole niliyoifanyia mazoezi, "Hizi funguo ni ndogo na ninyi mna kazi nyingi. Leteni nikae nazo mimi."

Hapa ndipo mtu wa mbali anaweza kushangaa. Angeuliza, hawakusikia maneno ya Saumu? Walisikia wote. Lakini Saumu alikuwa amesharudi Tanga, na mimi nilikuwa pale, mtu mzima mwenye mvi, nimenyoosha mkono. Nani angeninyima? Walikuja mmoja mmoja asubuhi ile, wakanipa shikamoo na ufunguo kwa pamoja, mikono miwili. Kufuli la namna ile hujifunga lenyewe ukilibana, kwa hiyo walijifungia wenyewe, na wakitaka kufungua walinifuata mimi. Niliona fahari isiyosemeka. Nilizifunga funguo kwenye pete ya chuma na kuining'iniza kwenye mkanda. Pete ilikuwa nzito, na mimi sina kiuno cha kushikilia kitu, hivyo nilitembea kutwa nzima nikivuta suruali. Niliamini watu wakiona vile wanasema, huyo ndiye anayekishikilia kiwanda. Nadhani walikuwa wakisema, suruali ya Mzee itaanguka leo.

Aliyenipa ufunguo kwa adabu kuliko wote alikuwa Emanueli. Emanueli ni mkwe wangu, mume wa binti yangu Sesilia, na kiwandani ndiye mkwanguaji wa pipa. Mkwe wa Kishambaa aliyelelewa vizuri hakutazami usoni, hakupandishii sauti, na hawezi kukukatalia kitu. Emanueli amelelewa vizuri mno. Miaka mitatu ameishi na mwanangu, na sijamsikia akimaliza sentensi ndefu mbele yangu. Ufunguo wake aliniletea akiwa ameinama hata nikaona kisogo tu.

Mmoja tu hakuleta: Mwajuma, mama wa makamo kutoka Lukozi, anayepima viungo na kumsaidia Emanueli siku ya kukwangua. Nilimfuata mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

"Marahaba. Sijaona ufunguo wako."

"Ninao, Mzee."

"Wenzako wote wameleta."

"Nimeona. Wa kwangu nitakaa nao."

Hakukasirika, hakuinua sauti. Alirudi kwenye mizani yake na kuendelea kupima chokaa. Nilimnunia miezi minne. Ni kazi ngumu kumnunia mtu anayekusalimia vizuri kila asubuhi, na mwenye kununa ndiye aliyekonda.

Sasa nije kwenye Ijumaa yenyewe. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua za masika zimekwisha kuharibu barabara na bado zinaendelea. Asubuhi beringi ya mashine ya kuparaza ililia, nikapanda bodaboda kwenda Lushoto kutafuta nyingine. Funguo za watu nilikwenda nazo kiunoni. Sikufikiri hata kidogo kwamba nimebeba watu watano na kuwapeleka mjini.

Nilirudi saa saba na nusu, nimelowa. Uani lilisimama lori la wafugaji wa Mlalo, na dereva wake, Hamisi, alikuwa akipiga honi. Alisema mvua ikizidi kilima cha njiani hakipandiki tena, na kwamba tulimwahidi mzigo saa sita. Nikamwambia dakika kumi, nimalizie kuchanganya. Niliingia ndani. Hapakuwa na mtu. Waislamu walikuwa wamekwenda kuswali Ijumaa, wengine walikuwa kwa mama lishe ng'ambo ya barabara, na mvua ilikuwa ikipiga bati la paa hata usisikie mawazo yako.

Nilikwenda kwenye swichi. Kwenye kibano palikuwa na makufuli mawili: la Emanueli na la Mwajuma.

Naomba nieleze nilivyofikiri, maana nilifikiri, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko kama ningekuwa mjinga tu. Nilijiambia hivi: ufunguo wa Emanueli ninao mimi. Nilikuwa Lushoto. Kwa hiyo hata kama amemaliza zamani, asingeweza kutoa kufuli lake. Basi kufuli hili halinionyeshi chochote, limebaki tu hapa likinisubiri. Hoja ilikuwa safi kabisa, ningeweza kumpa mwalimu wa hesabu. Nikachagua ufunguo wa mkwe wangu kwenye pete, nikafungua kufuli lake, nikalitia mfukoni pamoja na kadi yake.

Kupanda ngazi kuchungulia ndani ya pipa kungechukua nusu dakika. Lakini magoti yangu hayapendi ngazi wakati wa mvua. Kuita pia kungefaa. Lakini kuita "Kuna mtu?" ni kama kukiri kwamba fundi mkuu hajui kiwandani mwake kuna nani.

Likabaki la Mwajuma. Nilisema moyoni, huyu mama sasa amesimamisha lori zima kwa kiburi chake. Nikaenda kuchukua msumeno wa chuma.

Kufuli lilikuwa gumu, sijui Saumu aliyapata wapi makufuli yale. Ilinibidi nipige magoti ili nilifikie vizuri, nikaanza kukereza. Wembe wa msumeno ukakatika. Nikatia wembe wa pili. Honi ya Hamisi ikalia. Jasho lilinitoka, miwani ikaingia ukungu, na suruali, kwa uzito wa zile funguo, ilikuwa ikishuka nyuma kidogo kidogo. Nilikuwa nimefika nusu ya chuma. Nilikuwa nahesabu: dakika mbili zaidi, kibano kinatoka, napandisha mkono, mashine inanguruma, na Hamisi anajua hapa kuna mwanamume.

"Shikamoo, Mzee."

Shikamoo haiachwi hewani. Hata uwe unafanya nini, mkono unasimama na mdomo unajibu. Mkono wangu ulisimama.

"Marahaba," nikasema, bila kugeuka.

Alikuwa Mwajuma, na ndoo ya maji ya moto inayofuka moshi. Alikuwa ameyafuata jikoni ili kulainisha molasi. Alitazama msumeno, akatazama kufuli lake lililokatwa nusu, akatazama tundu tupu pembeni yake. Aliiweka ndoo chini polepole.

"Kufuli la Emanueli liko wapi?" aliuliza.

"Ninalo mimi. Leta ufunguo wako, lori linasubiri."

"Mzee," alisema, "Emanueli yuko ndani."

Sikumwelewa mara moja. Nilidhani anasema yuko ndani ya jengo, mahali fulani, anakula. Kisha nikasikia kikwangulio kikigusa chuma, juu, ndani ya pipa, na kichwa cha mkwe wangu kikatokea kwenye tundu, nyusi zote nyeupe kwa pumba.

"Shikamoo, Baba," alisema.

Nilijibu marahaba. Sijui nililitoa wapi neno lenyewe. Mfukoni mwangu nilihisi lile kufuli lake likigusa paja, na ile kadi yenye picha yake.

"Umekuwemo humo muda wote?" nilimuuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Hukusikia msumeno?"

"Nilisikia. Nguzo ilikuwa inatetemeka. Nikajua ni wewe unatengeneza kitu."

"Mbona hukuita?"

Alitazama pembeni, kama kawaida yake. "Nikaona si adabu kukukatisha kazi, Baba."

Watu waliokuwa wakirudi kutoka kuswali walinikuta bado nimepiga magoti mbele ya swichi, na Idrisa wa stoo akawaambia wenzake kwa sauti ya chini waniache, Mzee anaomba. Mwajuma ndiye aliyenishika mkono akaniinua. Alinivutia na suruali pia. Kisha akampelekea Emanueli ndoo yake ya maji, na kazi ikaendelea. Nilitoka nikamwambia Hamisi asubiri au aende, lakini mashine haiwaki. Alinitukana kidogo. Sikumbuki alisema nini, nilikuwa nashukuru kwamba mtu ananitukana.

Jumapili, baada ya ibada, Sesilia alikuja nyumbani na mumewe kula chakula cha mchana. Mwanangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alizunguka mezani akitugawia ndizi na maharage, akimcheka mama yake kwa jambo fulani la kwaya, na Emanueli alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Kila mwanangu alipopita nyuma yake aliligusa bega lake kidogo kwa vidole, bila kujua kwamba anamgusa. Sahani yangu ilibaki imejaa.

"Tate, huli?" aliniuliza Sesilia. Nyumbani tunaongea Kishambaa, na hivyo ndivyo ananiita tangu akiwa mdogo.

Nilimwambia tumbo. Emanueli aliinua macho mara moja, akanitazama, akatikisa kichwa polepole: nisiseme. Hakuwa amemwambia mkewe. Alikuwa amenifichia aibu yangu, yule niliyekuwa karibu kumuua. Nilichukia wema wake siku ile kuliko nilivyowahi kukichukia kiburi cha Mwajuma. Nikaweka sahani chini na kumweleza binti yangu kila kitu, kwa Kishambaa, kuanzia pete hadi msumeno. Hakulia. Alikaa chini sakafuni pale alipokuwa amesimama, mkono tumboni, na kwa wiki mbili hakuniita Tate wala jina lingine lolote.

Jumatatu nilimweleza meneja wetu, Bi Esteria. Aliniandikia onyo, na nililisoma mara mbili nikaona amenihurumia. Aliagiza kufuli jipya la Mwajuma kutoka Tanga. Kisha kwenye kikao cha asubuhi nilifungua pete mbele ya watu wote na kumrudishia kila mmoja ufunguo wake. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliposimama yakatoka maneno mawili tu, kwamba nilikosea sana, halafu nikaanza kusoma majina kwenye funguo.

Emanueli alikuwa wa mwisho. Nilinyoosha mkono. Hakupokea.

"Kaa nao tu, Baba," alisema. "Haina shida."

Watu walicheka. Nilimshika mkono, nikamfungua vidole kimoja kimoja, nikatia ufunguo, nikavifunga tena.

"Siku nikikuomba huu," nilimwambia, "ninyime."

"Nitawezaje, Baba?"

"Sijui utawezaje. Nitukane ukitaka."

Alicheka kwa adabu, akitazama viatu vyangu. Niliona wazi kwamba hataweza. Nilikwenda nyumbani na hofu ile ile, maana kumpa mtu ufunguo ni rahisi, na yule bado alikuwa mkwe na mimi bado nilikuwa mimi.

Ningependa kusema kwamba nilibadilika. Nilibadilika kwa wiki tatu. Wiki ya nne, Ijumaa, lori jingine uani, honi ile ile, na mimi nimetoka nyuma ya stoo nikiwa na haraka. Emanueli alikuwa amesimama chini ya pipa, anafunga kamba za buti kabla ya kupanda kwa awamu ya pili. Kufuli lake lilikuwa kwenye kibano. Nilichotaka ni kuzungusha mashine mara moja tu, nisikilize beringi moja niliyoitilia shaka, kisha aendelee. Nikanyoosha mkono.

"Emanueli, hebu ufunguo wako dakika moja."

Watu wananiuliza kama nilikuwa namjaribu. Nimefikiria kusema ndiyo, lingekuwa jambo la busara kwa mtu wa umri wangu. Sikuwa namjaribu. Nilikuwa nimesahau.

Mkono wake uliingia mfukoni. Niliuona ukishika kitu. Ukakaa humo. Nyuma yangu Mwajuma aliacha kupima. Jasho lilimtoka mkwe wangu kwenye paji la uso, kijana anayebeba gunia la kilo tisini bila kuhema, na nilipoona lile jasho ndipo nikakumbuka ninachomwomba ni nini. Nilitaka kurudisha mkono wangu, lakini hakunipa nafasi. Mkono wake ulitoka mfukoni mtupu. Na kwa mara ya kwanza tangu alipokuja kuposa, aliinua uso akanitazama machoni.

"Hapana, Baba," alisema. "Sitoi."

Macho yake hayakushuka. Nilitaka kumkumbatia pale pale mbele ya watu wote, na pumba zake zote. Lakini mkwe hakumbatiwi, kwa hiyo nikamwambia apande akamalize kazi yake.